Likizo ya Familia katika Vijiji vya Hida, Japani: Yanayodhaniwa na Yaliyopo

Familia nyingi zinazopanga likizo ya Japani huzipa Tokyo na Kyoto siku zote, kisha vijiji vya milimani hupewa siku moja ya mwisho, kana kwamba ni kituo cha kupiga picha. Eneo la Hida, kaskazini mwa mkoa wa Gifu, uliko mji mkongwe wa Takayama na kijiji cha Ogimachi katika bonde la Shirakawa-go, linaonyesha vizuri jinsi mpango huo unavyojengwa juu ya dhana zisizo sahihi.

Dhana iliyoenea zaidi ni kwamba Ogimachi ni makumbusho. Ni kweli kwamba kijiji hicho, pamoja na Ainokura na Suganuma katika mkoa jirani wa Toyama, kiliingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 1995, lakini watu bado wanaishi humo na kulima mpunga kandokando ya nyumba zao. Mapaa ya nyasi, yenye mwinuko wa karibu nyuzi 60 ili yahimili theluji nzito, hufananishwa na viganja viwili vilivyokutanishwa katika sala, na zamani darini mlifugwa viwavi vya hariri. Paa linapochakaa, baada ya miaka 30 au 40 hivi, majirani huitana kuliezeka kwa utaratibu uitwao yui, ambao msomaji wa Tanga atauelewa mara moja akiambiwa kuwa ni msaragambo. Kwa hiyo mtoto afundishwe mapema kwamba kusukuma mlango usio na kibao cha kukaribisha wageni ni kuingia nyumbani kwa mtu bila kupiga hodi. Sigara huvutwa mahali palipotengwa tu, nayo fataki ni marufuku, kwa sababu ambayo nyasi kavu zinaieleza zenyewe.

Wengine husema kulala huko ni ghali kupita kiasi, na hapa ndipo hesabu huharibika. Nyumba za wageni za kienyeji, ziitwazo minshuku, hutoza kwa kichwa badala ya chumba, na kwa kawaida bei hiyo hujumuisha chakula cha jioni na kifungua kinywa. Anayeilinganisha na bei ya chumba kitupu cha hoteli ya mjini analinganisha vitu viwili tofauti. Malipo ya mtoto hutegemea umri wake, na mara nyingi pia iwapo atatandikiwa godoro lake na kuandaliwa mlo wake, hivyo umri wa kila mtoto utajwe wakati wa kuweka nafasi. Vyumba ni vichache, na mwenyeji anayeandaa chakula cha saa kumi na mbili jioni kwa wageni wote hatafurahi kukupokea saa mbili usiku. Ukishavua viatu mlangoni, huenda ukakuta meko ya mraba katikati ya sakafu, birika likining'inia kwenye ndoana juu ya makaa, na boriti zilizopigwa weusi na moshi wa miaka mingi. Vyumba hutenganishwa na milango myepesi ya kuteleza, na mtoto akilia usiku, nyumba nzima itasikia. Choo na bafu huwa vya pamoja.

Familia za Kiislamu, nazo, huambiwa kwamba chakula cha mashambani ni mboga za porini, tofu na samaki wa mtoni, basi hakina shaka. Hata hivyo, pombe ya mchele na mirin, yaani divai tamu ya mchele ya kupikia, hutumika sana kama viungo. Jambo hili huelezwa siku ya kuweka nafasi. Likiletwa mezani, mpishi hana tena la kufanya.

Kuhusu usafiri, pasi ya reli ya siku 7, iliyopanda kutoka yeni 29,650 hadi 50,000 mwezi Oktoba 2023, si lazima ikuokolee fedha. Treni kutoka Nagoya hadi Takayama huchukua takriban saa mbili na nusu, lakini Shirakawa-go hakuna reli kabisa: unapanda basi kutoka Takayama kwa dakika 50 hivi, nalo hulipiwa kando. Anayetaka kuendesha gari atafurahi kwamba Japani nao hupita kushoto, ila kibali cha kimataifa cha udereva kinachokubaliwa huko ni kile cha Mkataba wa Geneva wa 1949 kuhusu usafiri wa barabarani pekee, na majira ya baridi barabara za milimani hudai matairi ya theluji.

Wanaosubiri shule za Kenya zifungwe Agosti wakumbuke kwamba katikati ya mwezi huo Wajapani wenyewe husafiri kwa Obon, sikukuu ya kuwakumbuka wafu. Aprili nako, tarehe 14 na 15, tamasha la Takayama hujaza vyumba mapema.

Hofu ya kuburuta masanduku milimani pia haina msingi, kwani huduma ya takuhaibin huyapeleka kutoka hoteli moja hadi nyingine, mara nyingi kwa siku moja tu. Yatangulize kwenye mji mtakaolala baada ya kijiji, kwa mfano Kanazawa, nanyi mpande basi la kijijini mkiwa na mkoba mmoja wa nguo za kulalia na soksi za ziada, maana viatu mtavivua mara nyingi.