Kushuka Lushoto: ya kijiweni na yaliyo kweli

Kutoka Lushoto hadi Mombo ni kilomita 33 hivi, na ndani yake barabara inashuka karibu mita 1,000. Wenyeji wanaipita kila siku na kabichi zao. Mgeni mwenye Toyota IST ya kuazima ndiye anayefika Mombo magurudumu yakinuka. Mara nyingi hakukimbia hata kidogo, ila alisikiliza ushauri wa kijiweni.

"Tia nyutro, mlima ukushushe bure."

Enzi za kabureta maneno haya yalikuwa na chembe ya ukweli. Gari la siku hizi likiwa kwenye giya, ukitoa mguu kwenye mafuta kompyuta inafunga nozeli. Injini inazungushwa na magurudumu na petroli haiendi. Ukitia nyutro, injini inabidi ile mafuta ili isizime. Yaani anayebana matumizi ndiye anayelipa, na juu ya hapo kaibebesha breki kazi yote.

Kazi yenyewe si ndogo. Gari la tani moja likishuka mita 1,000 linatoa nguvu ya kuchemsha karibu lita 29 za maji ya bomba, ndoo kubwa na nusu. Upepo na matairi huchukua sehemu yake. Inayobaki ni ya injini au ya breki, chagua wewe.

"Pedi zangu mpya, nimebadilisha juzi."

Hongera, lakini pedi mpya nayo ikipata moto kupita kiasi haishiki. Kisha kuna mafuta ya breki, ambayo wengi hawayagusi tangu gari lishuke bandarini. Yananyonya unyevu wa hewani. DOT 3, aina mojawapo ya mafuta hayo, ikiwa mpya inatakiwa kuhimili angalau nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Ikishanyonya maji, kiwango hicho ni 140 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea: pedeli inazama kama umekanyaga godoro. Hapo ndipo husikia "breki zimekatika ghafla", wakati zilikuwa zikilalamika kwa harufu tangu Soni, katikati ya njia.

Ukisikia harufu hiyo tafuta mahali papana usimame, uzisubiri zipoe zenyewe. Kumwagia maji, kama wafanyavyo matingo wengi, kunaweza kupasua ngoma au kupinda disiki.

"Hii ni otomatiki, D inatosha."

Zile 2, L, S au B kwenye rungu la giya, au kitufe cha O/D, havikuwekwa kwa urembo: vinazuia giya kubwa ili injini ishike gari. Shusha giya kabla mteremko haujaanza, ukiwa bado na mwendo mdogo. Breki zikihitajika, kanyaga ya kutosha mwendo upungue, kisha achia. Mguu unaolala juu ya pedeli njia nzima ndio unaopika pedi.

"Zima injini kabisa." Breki zitakuwa ngumu, na ukichomoa ufunguo usukani unaweza kujifunga konani. Basi.

"Ukungu ukishuka, washa taa kali na hazadi."

Taa kali zinagonga ukungu na kukurudia machoni. Tumia za chini. Na hazadi zikiwaka ukiwa mwendoni, anayekufuata hajui kama umesimama au unakwenda, na indiketa yako ya kuingia pembeni haioni.