Kitufe cha mwisho kwenye mashine ya kura ya India

Mwenye nyumba wangu wa Hadapsar, pembeni mwa jiji la Pune, nilimwita Kaka. Kwa Kimarathi kaka ni ndugu wa baba, mtu wa kuamkiwa, wala si wa kutaniana naye. Siku ya kupiga kura mwaka 2014 alirudi kutoka kituoni na wino kwenye kidole, akaketi barazani, akamuuliza mwanawe aliyekuwa amepiga kura kwa mara ya kwanza maishani: umempa nani? Kijana akajibu hajampa mtu, amebonyeza cha mwisho. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akanigeukia mimi: "Umesikia? Ametembea juani kwenda kuiambia mashine hapana."

Nafundisha sheria za uchaguzi, na kila mwaka tukifika India wanafunzi hukiulizia kitufe hicho kwa macho yanayong'aa. Kinaitwa NOTA, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "hakuna hata mmoja kati ya hawa". Kipo chini kabisa ya majina yote, na alama yake ni karatasi ya kura iliyochorwa alama ya X. Wanafunzi hukipenda papo hapo. Wengine husema tungekuwa nacho sisi Watanzania, wanasiasa wangeshika adabu. Hapo ndipo huwa navuta kiti.

Zamani za karatasi, aliyechukia wagombea wote aliiharibu kura yake na mambo yakaisha. Uchaguzi mkuu wa 2004 ulipofanyika nchi nzima kwa mashine, mlango huo ulifungwa, maana mashine haina namna ya kuharibu kura: unabonyeza au hubonyezi. Ilibaki kanuni moja, namba 49-O, iliyomruhusu mpiga kura kumwambia msimamizi kwamba hapigi, kisha atie sahihi kwenye daftari. Fikiria unafanya hivyo kijijini, mawakala wa vyama wamekaa hatua chache wanakutazama. Shirika la haki za raia la PUCL lilikwenda mahakamani, na tarehe 27 Septemba 2013 Mahakama ya Juu ikasema aliyekataa wote ana haki ya siri sawa na aliyechagua mmoja. Kabla mwaka haujaisha kitufe kikatumika kwenye chaguzi za majimbo matano, Delhi ikiwamo.

Kwa hiyo NOTA ilizaliwa kulinda siri. Nguvu ya kumwondoa mtu haikupewa. Hata ikipata kura nyingi kuliko wagombea wote, mgombea anayeifuatia ndiye anayetangazwa mshindi, na kura za NOTA hazihesabiwi hata katika kukokotoa ni mgombea gani anarudishiwa dhamana yake. Mwaka 2018 tume za uchaguzi za majimbo ya Maharashtra, liliko jiji la Pune, na Haryana ziliamua kwamba katika serikali za mitaa, NOTA ikiongoza uchaguzi urudiwe. Kwenye ubunge hakuna kitu kama hicho, na Tume ya Sheria ya India ilikwisha kulipinga wazo hilo katika ripoti yake ya mwaka 2015.

Katika chaguzi kuu za 2014, 2019 na 2024 NOTA imekuwa ikipata takriban asilimia moja tu. Kuna wanaosoma hesabu hiyo wakahitimisha kwamba Wahindi wameridhika na vyama vyao. Mimi naisoma vingine. Theluthi mbili ya waliojiandikisha hujitokeza, na hawa ni watu wanaojua bei ya kura yao. Hawaipeleki kwenye kitufe kisichomwondoa mtu, isipokuwa wakikosa kabisa pa kuipeleka.

Jimbo la uchaguzi la Indore mwaka 2024 lilikuwa hivyo. Mgombea wa chama cha Congress alijitoa dakika za mwisho na kujiunga na BJP, chama tawala alichokuwa ashindane nacho. Congress, ikiwa haina mtu tena, ikawaomba wafuasi wake wabonyeze kitufe cha mwisho. Wakabonyeza watu 218,674, na mgombea wa BJP akashinda akiwa na kura 1,226,751. Wagombea wengine wote waliobaki, kila mmoja peke yake, walishindwa na kitufe. Kesho yake mbunge alikuwa mbunge, basi.

Na Surat, mwaka huohuo, hata kubonyeza hakukuwapo. Fomu ya mgombea wa Congress ilikataliwa, waliobaki wakajitoa mmoja baada ya mwingine, na mgombea wa BJP akapita bila kupingwa. Maneno hayo matatu simfafanulii Mtanzania yeyote. Ninachokumbuka ni kwamba wazee wetu wa enzi ya chama kimoja walikuwa na mgombea mmoja wa urais, lakini walipewa Ndiyo na Hapana. Mpiga kura wa Surat hakupewa hata hiyo Hapana. Kama ningeruhusiwa kubadili jambo moja tu kuhusu NOTA, ningeanzia hapo: pasiwe na jimbo la uchaguzi linalofunga kazi kabla mashine haijawashwa.

Lakini kitufe si mzizi wa jambo. Mwulize Kaka kwa nini orodha ni mbaya, hatakutajia mashine. Atakutajia tiketi, yaani uteuzi wa chama.

Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa mwaka 2002, kila mgombea India anawasilisha hati ya kiapo inayotaja mali zake, elimu yake na kesi za jinai zinazomkabili. Ni sheria nzuri, na mashirika ya kiraia huzichambua hati hizo kila uchaguzi. Mwaka 2004 wabunge 125 kati ya 543 walikuwa wametaja kesi za jinai. Mwaka 2024 walikuwa 251, asilimia 46. (Kesi si hatia, na siasa za India zina kesi za kubambikwa tele. Lakini zote haziwezi kuwa za kubambikwa.) Yaani kwa miaka ishirini mpiga kura ameongezewa taarifa, na waliotajwa ndani ya taarifa hizo nao wameongezeka.

Wanafunzi hukimbilia kusema wapiga kura hawasomi. Kaka alikuwa anasoma gazeti kutoka ukurasa wa kwanza mpaka matangazo ya vifo. Diwani wake alikuwa na kesi, alizijua, akampa kura. "Huyu anapokea simu," aliniambia. Maji yakikatika, polisi wakimshika kijana wa jirani, ofisi ikikalia cheti, unahitaji mtu anayeogopwa na ofisi. Mahali serikali inapomsikiliza mwenye misuli peke yake, kumchagua mwenye misuli ni hesabu ya kawaida kabisa.

Anayeamua kwamba mwenye misuli ndiye atakayesimama ni wakuu wa chama. Sheria ya India inakitaka chama kinachojiandikisha kiape utii kwa katiba na demokrasia, lakini hailazimishi wanachama wapige kura kumpata mgombea. Februari 2020 Mahakama ya Juu iliamuru vyama vitangaze kwa nini vimemteua mwenye kesi badala ya asiye nayo, na "anaweza kushinda" isiwe sababu pekee. Vyama vikajaza fomu: mgombea ni mchapakazi, anapendwa, kesi ni za kisiasa. Mwaka uliofuata mahakama ikavitoza faini vyama kadhaa kwa kupuuza amri hiyo kwenye uchaguzi wa Bihar. Faini za kiwango kile ni bei ya mabango machache.

Fedha nitazipitia haraka, maana zinastahili siku yake. Kuanzia 2018 hatifungani za uchaguzi ziliruhusu mtu au kampuni kukichangia chama kupitia benki ya serikali bila mpiga kura kujua nani katoa. Mahakama ilizifuta Februari 15, 2024, miaka sita baadaye, chaguzi kadhaa zikiwa zimekwisha kulipiwa.

Ninapokaa zaidi ni kwenye kuhama chama, kwa sababu hapo ndipo Maharashtra ilipomfikisha Kaka. Wahindi wana msemo "Aaya Ram, Gaya Ram", kaja Ram, kaenda Ram, uliotokana na mbunge wa Haryana aitwaye Gaya Lal, ambaye mwaka 1967 alibadili chama mara tatu ndani ya wiki mbili. Mwaka 1985 katiba ikarekebishwa: anayehama anapoteza kiti. Ila wakihama theluthi mbili kwa pamoja na kujiunga na chama kingine, wamesalimika. Kuhama kwa rejareja ni kosa, kwa jumla ni halali. Na anayeamua nani kakosa ni spika, ambaye naye ana chama.

Sasa tazama bunge lililochaguliwa Maharashtra mwaka 2019. BJP na chama cha Shiv Sena waliomba kura pamoja, wakapata wingi, wakagombania uwaziri mkuu wa jimbo. Alfajiri moja ya Novemba Ajit Pawar wa chama cha NCP, wapinzani wao, akaapishwa kuwa naibu wa waziri mkuu Fadnavis wa BJP, serikali ikadumu kama saa themanini. Mwisho wa mwaka akawa naibu wa Uddhav Thackeray wa Shiv Sena. Juni 2022 Shiv Sena ikapasuka, wabunge wakasafirishwa hadi hoteli ya Surat, ndiyo, Surat ileile, kisha Guwahati upande wa pili wa nchi, na Eknath Shinde, kiongozi wa waliojitenga, akachukua serikali. Julai 2023 Ajit Pawar akaipasua NCP ya ami yake Sharad Pawar na kuwa naibu wa Shinde. Mawaziri wakuu watatu, naibu yuleyule, na wapiga kura hawakurudi kituoni hata mara moja. Tume ya Uchaguzi ikampa Shinde jina la Shiv Sena na alama ya upinde, halafu ikampa Ajit jina la NCP na alama ya saa.

Wanamageuzi wenzangu wa India wanapendekeza mengi, hata kuachana na mfumo wa mwenye kura nyingi jimboni, ambao mwaka 2014 ulikiacha chama cha BSP bila kiti kikiwa na asilimia 4 ya kura za nchi nzima. Mimi ningeanza na tiketi: sheria iwape wanachama kura ya kumteua mgombea, mbele ya tume. Najua si dawa kamili. Wakenya wanazijua fujo za kura za mchujo, na sisi tunajua kura za maoni ambazo mshindi wake jina linakatwa juu. Lakini angalau kwetu aliyekatwa anajulikana, na watu hunung'unika wakimtaja kwa jina. Hadapsar hakuna wa kumnung'unikia.

Kaka ameipigia saa tangu NCP ianzishwe mwaka 1999. Ni saa ya mezani, mishale yake imesimama saa nne na dakika kumi, na niliwahi kumchekesha kwa kumwambia kwamba kwetu hiyo haiitwi saa kumi. Novemba 2024 alikuta kwenye mashine saa ya Ajit, na mahali pengine mtu anayepuliza baragumu lililopinda, alama mpya ya Sharad Pawar. Nilimpigia simu jioni nikamuuliza amebonyeza ipi. "Kura ni siri," akasema, "wewe ndiye mwalimu wa sheria." Mwanawe akachukua simu. Akanieleza kwamba mzee alisimama mbele ya mashine muda mrefu mpaka msimamizi akauliza kutoka mezani kama imeharibika.