Je, wajua kwa nini mtaa unaoliona ziwa unaweza kukosa maji?

Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,800, na Mwanza imekaa ukingoni mwake. Hata hivyo mtu anaweza kujenga mlimani, akawa anaziona meli akiwa barazani kwake, na bado akanunua maji ya madumu. Uso wa ziwa uko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Kiwanja chake, tuseme, kiko mita 1,220. Hizo mita 85 za katikati ni kazi ya pampu, umeme, tenki na bomba, na ndizo zinazopaswa kupigiwa hesabu kabla ramani ya viwanja haijapitishwa.

Tuchukue mradi wa viwanja 200. Kila nyumba watu 6, kila mtu lita 80 kwa siku: jumla lita 96,000. Kuna mivujo na maunganisho ya wizi, kwa hiyo robo ya maji ikipotea njiani, tenki linapaswa kutoa lita 128,000. Mtambo wa kusafisha maji wa Butimba, jijini Mwanza, ulijengwa kuzalisha lita milioni 48 kwa siku, yaani mitaa 375 ya namna hii. Hapo ndipo wengi hufunga daftari, wakiamini maji yapo. Yapo, ndiyo, lakini Butimba.

Lita 128,000 ukizigawa kwa saa 24 unapata lita 1.5 hivi kwa sekunde. Lakini hakuna mtaa unaochota kwa wastani. Saa 12 asubuhi watu wanaoga, wanafua, wanajaza ndoo, wote kwa mpigo. Mhandisi huzidisha wastani huo kwa 2.5 hivi, akapata lita 3.7 kwa sekunde. Bomba huchaguliwa kwa namba hii, na anayetumia ile ya kwanza anajenga mtaa utakaopata maji usiku wa manane tu.

Tuseme tenki la mtaa liko mita 1,240, kilomita moja kutoka kwenye nyumba zetu za mita 1,220. Maji yakiwa yametulia, bombani kuna msukumo wa mita 20 (tofauti ya kimo kati ya tenki na nyumba), sawa na bar 2 kwenye kipimo cha msukumo, na koki inatoa vizuri. Sasa asubuhi inafika. Kwenye bomba la plastiki la milimita 75, lita 3.7 kwa sekunde hupoteza takriban mita 20 za msukumo kwa kila kilomita kwa sababu ya msuguano. Ishirini kutoa ishirini: koki inatoa hewa. Kwa bomba la milimita 110, upotevu ni mita 3 tu, zinabaki 17. Tofauti ya bei ya mabomba hayo ni ndogo ukilinganisha na gharama ya kufukua mtaro upya kwenye mawe ya Mwanza.

Baadaye mwenye shamba la jirani naye anapima viwanja 200 na kuunganisha kwenye bomba lile lile. Maji yanayopita yameongezeka mara mbili, lakini msuguano huongezeka karibu mara 3.6. Mita 3 zinakuwa 11, zinabaki 9. Bafu la ghorofani sasa linatoa maji hafifu, ingawa kwa wale wa kwanza hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana kibali cha mradi wa pili kinapaswa kuwaangalia pia watu wa mradi wa kwanza.

Wengi hujibu kwa kufunga pampu inayonyonya moja kwa moja kwenye bomba la mtaa. Ni ujanja mbaya. Bomba likinyonywa hadi likose msukumo, kila tundu linalovuja huanza kuingiza maji machafu ya mtaroni. Pampu inyonye kwenye tenki la nyumbani, si kwenye bomba.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika: takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka tena yakiwa machafu. Juu ya mwamba shimo la choo halichimbiki kirahisi, na mfereji huyashusha ziwani. Mradi usioonyesha majitaka yanakwenda wapi haujakamilika.

Kabla ya kununua, ulizia mamlaka ya maji (Mwanza ni MWAUWASA) mambo matatu: tenki gani linahudumia eneo hilo na liko kimo gani, bomba kuu lina kipenyo gani, na maji hutoka saa ngapi. Kisha nenda kwa jirani saa 12 asubuhi na ndoo ya lita 20. Ikijaa kwa dakika 2, hizo ni lita 10 kwa dakika, zinatosha. Ikizidi dakika 5, panga bajeti ya simtanki. Mgawo ukiwa kila baada ya siku 4, familia ya watu 6 inahitaji lita 1,920, kwa hiyo tenki la lita 1,000 litakauka siku ya pili au ya tatu.