Uchangamfu wa mtoto mwenye Williams si ujuzi wa kuishi na watu

Jamani, hili la "mbona anachangamkia kila mtu, tatizo liko wapi?" naomba liishe hapa Tanga. Mtoto mwenye sindromu ya Williams, hali ya kuzaliwa nayo, humkimbilia asiyemjua, akamkazia macho, akamsifia nguo, na watu wakasema kalelewa vizuri. Malezi hayahusiki. Amepungukiwa kipande kidogo cha kromosomu ya 7, chenye jeni 26 hadi 28. Wenye kipande hicho maradufu mara nyingi huwa kinyume chake: wageni huwatia hofu, na kuongea huchelewa. Jeni ya elastini, protini inayoiwezesha mishipa ya damu kunyumbuka, nayo imo humo, kwa hiyo moyo upimwe kwa ekokadiogramu (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) na presha ipimwe mikono yote miwili, hata akionekana mzima.

Kinachoniudhi ni kuchanganya kuvutwa na watu na kuwaelewa watu. Kuanzisha mazungumzo anaweza. Kuyaendesha ndiyo kazi. Hatambui kwamba mwenzake amechoka, wala kwamba utani umegeuka dhihaka. Wengi wanakua wakijulikana mtaa mzima, na rafiki wa kweli hawana. Tena huyo huyo asiyeogopa mtu anaweza kutetemeka kwa ngurumo au puto likipasuka. Kwa nini sura za watu hazimtishi? Wapo wanaosema amigdala yake, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu, haishtushwi na uso mkali. Wengine wanasema sehemu ya mbele ya ubongo haimzuii inavyopasa. Vitabu huandika kana kwamba swali hili limekwisha. Halijakwisha.

"Usiongee na wageni" haisaidii, hasa kwetu tunaomfundisha mtoto kumwamkia kila mkubwa. Muuza samaki wa mtaa wa Ngamiani akishaitikia marahaba, kwake si mgeni tena. Mpeni kanuni anayoweza kuiona kwa macho: shikamoo kwa wote, akisimama umbali wa mkono ulionyooshwa; kukumbatia ni kwa wa nyumbani tu, na picha zao zibandikwe ukutani; kumfuata mtu, kupokea pipi au kupanda bodaboda, mpaka mama au baba aseme ndiyo. Wala msiridhike na majibu ya mdomo. Sebuleni atajibu sawasawa, kisha barabarani aondoke na mtu. Mazoezi yafanyike sokoni kwenyewe, na mtu mzima asiyemjua mliyepanga naye, na asifiwe papo hapo anaposimama. Nanyi majirani, akija kuwakumbatia msicheke mkampa hela. Mnyoosheeni mkono, itikieni marahaba, basi.