Eti "mbwa wote wanajua kuogelea": maneno ninayosikia kila msimu wa Boundary Waters

Jumanne kaja tena mmoja hapa kliniki kwangu ya wanyama. Kijana wa watu, mpole, ana mbwa chotara wa Labrador kilo 34, anataka dawa ya kupe maana Jumamosi anaingia Boundary Waters na mtumbwi, siku sita, yeye na mbwa wake tu. Nikamuuliza, jaketi okozi la mbwa umechukua saizi gani? Akacheka. "Dokta, huyu ni mbwa bana. Mbwa wote wanajua kuogelea."

Hiyo sentensi naisikia tangu barafu inapoyeyuka mpaka mwezi wa tisa. Nimeisikia kwa Wamarekani, kwa Wakenya wa Brooklyn Park hapa Minnesota, na kwa Wabongo wenzangu waliokulia Mwanza kama mimi, ambao ndio hasa walitakiwa wajue maji hayana rafiki. Nimechoka kuijibu huku nimeshika sindano, kwa hiyo naiandika mara moja iishe.

Kwa asiyepajua: Boundary Waters ni pori la kaskazini mwa Minnesota, limelala kwenye mpaka wa Kanada karibu kilomita 240, eka zaidi ya milioni moja, maziwa zaidi ya elfu moja, na sehemu kubwa injini ya boti ni marufuku. Ziwa likiisha unabeba mtumbwi mabegani mpaka ziwa la pili, wenyewe wanaita poteji na wanaipima kwa rodi, rodi moja kama mita tano, yaani karibu urefu wa mtumbwi wenyewe. Simu sehemu nyingi haishiki. Ukiwa peke yako, mbwa akipata shida hakuna wa kukushikia mtumbwi, hakuna wa kwenda kuita mtu, ni wewe na mikono yako miwili.

Sasa hilo la kuogelea. Ni kweli mbwa ukimtumbukiza majini atachapa miguu. Kuchapa miguu siyo kuogelea, na kuogelea dakika tatu kufuata mpira pale ufukweni siyo kuogelea nusu kilomita kwenye mawimbi. Buldogi na pagi hata hizo dakika tatu hana, kichwa kizito, pua fupi, nyuma inazama mdomo unabaki juu kidogo halafu basi. Dashundi na miguu yake mifupi ile anachoka kabla hujamaliza kumwita jina. Lakini hawa watu wanawaogopea wenyewe, wanaonisumbua ni wenye Labrador, kwa sababu Labrador anaogelea kweli kwa hiyo bosi wake anaona mjadala umefungwa.

Haujafungwa. Barafu ya maziwa yale mara nyingi inaondoka mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, na katikati ya Mei nje kuna jua zuri umevaa fulana lakini maji bado yako chini ya nyuzi 10. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 mpaka 39. Manyoya yakishalowa mpaka ndani misuli inaanza kupoa, mwendo unapungua, nyuma inashuka, na yule bingwa wa kuogelea anageuka gunia la maji, hasa akiwa mzee au mwembamba. Wewe mwenyewe dakika ya kwanza unahema tu hovyo, halafu una kama dakika kumi vidole vikusikilize, baada ya hapo hata kifungo cha mkanda hukifungui.

Na hata hiyo siyo kubwa. Kubwa ni kurudi ndani. Huu mtumbwi siyo ngalawa ndugu yangu, hauna matengo ubavuni. Mbwa amekuja, ameweka kucha mbili ukingoni, wewe kwa huruma unainama upande ule ule unamshika kola umvute, kilo zake 34 na zako 80 ziko upande mmoja, unategemea nini? Mnapinduka. Mkishapinduka mbwa mwenye hofu hatafuti ufukwe, anatafuta kitu cha kupanda, na kitu kilicho karibu ni kichwa chako. Mteja wangu mmoja alinivulia shati nimwone mgongo, mistari ya kucha kutoka bega mpaka kiunoni, na yule mbwa anampenda kuliko watoto wake wanavyompenda. Kilichomwokoa ni kwamba walipindukia pembeni, maji yalikuwa yanamfika kifuani.

Jaketi la mbwa kazi yake ya kwanza kwangu siyo kuelea, ni ule mpini wa mgongoni. Ukiwa nao unapiga magoti katikati ya mtumbwi, unamleta sambamba, unamshika juu, na kama ni mzito usijifanye mwanamieleka, mshikilie tu ubavuni mpelekwe na upepo ufukweni au uvute kwa kafi kidogo kidogo. Kununua peke yake hakutoshi. Mvalishe, kaza mikanda, mnyanyue kwa mpini kama begi la safari, miguu yote minne itoke chini. Jaketi likipanda shingoni au mbwa akianza kuchomoka kwa nyuma, hilo siyo saizi yake, rudisha dukani. Halafu kabla ya safari nendeni ziwa dogo siku ya joto, maji ya kiunoni, mpinduke makusudi mara tatu. Najua mtaonekana vichaa. Pinduka.

Na tandika kitu sakafuni, kipande cha mkeka wa yoga kinatosha. Mbwa anayesimamasimama mara nyingi siyo mkorofi, anateleza tu, akipata pa kukamata kwa kucha atalala, na mbwa aliyelala ni mzigo mzuri sana wa kushusha omo, yaani mbele ya mtumbwi, upepo usikuzungushe. Aliyesimama ni shehena inayojiamulia pa kwenda.

Wapo wanaoniambia basi nitamfunga kamba kwenye mtumbwi asiruke. Usithubutu. Mtumbwi ukipinduka umemfunga kwenye kitu kilichofudikia juu yake. Kamba ni ya kwenye poteji na pale mnaposhukia, majini anakaa huru na jaketi lake.

"Mbwa atafukuza dubu." Dubu mweusi mwenyewe hana shida sana na wewe, anataka chakula chako, sasa mbwa aliyeachiwa anaenda kumchokoza, akizidiwa anakimbilia wapi? Kwako, na dubu nyuma yake. Na mbwa mwitu wapo kule. Usiku mbwa alale ndani ya hema, na chakula chake kifungiwe na chako, siyo kibaki kwenye bakuli nje.

"Maji ya ziwa ni masafi, mbwa tumbo lake la chuma." Giardia, kijidudu cha majini kinachoharisha, haijui chuma. Ukichuja ya kwako chuja na ya kwake, na ukiona maji ya pembeni yana utando wa kijani kama rangi iliyomwagika siku za joto, hata miguu asiweke, sumu ya mwani ule inaweza kumuua ndani ya saa chache.

Ibuprofen yako ya mgongo usimpe. Hata nusu. Hapa sina maelezo marefu.

Miba ya nungunungu: eti ikate kwanza itoe hewa ndiyo itoke kirahisi. Hamna hewa ya kutoa, ncha ina vishikio vinavyoingia ndani zaidi, ukikata umejinyima pa kushikia. Beba koleo ndogo, shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja. Ikiwa mdomoni mingi, safari imeisha, geuza mtumbwi.

Moja ambalo watu hawaliamini kabisa ni kwamba mbwa anaweza kuugua udongo. Kuna ugonjwa wa fangasi unaitwa blastomaikosisi, fangasi yenyewe inaishi kwenye udongo wenye unyevu na miti inayooza karibu na maji, na kaskazini hii ya Minnesota na Wisconsin ndiko nyumbani kwake. Mbwa anachimba, anavuta vumbi lake, wiki kadhaa au miezi baadaye anakohoa, anakonda, jicho linakuwa jekundu, na mwenye mbwa ananiambia ni mafua. Ukimleta anakohoa, neno la kwanza useme alikuwa wapi, usisubiri nikuulize. Dawa yake ni ya miezi na siyo bei ya karanga.

Na wanaotaka kuvuka mpaka waingie hifadhi ya Quetico upande wa Kanada, "nilimchanja akiwa mdogo" siyo cheti. Kanada wanataka karatasi ya chanjo ya kichaa cha mbwa iliyo hai, na kurudi Marekani tangu Agosti 2024 mbwa awe na miezi sita au zaidi, awe na chipu ya utambulisho, na ujaze fomu ya CDC, idara ya Marekani ya kuzuia magonjwa, kabla.

Yule kijana alirudi Alhamisi na jaketi, jekundu, zuri, amelifurahia. Tukamvalisha mbwa pale pale mapokezi, nikamwambia nyanyua. Akanyanyua. Jaketi likabaki mkononi mwake, mbwa akabaki sakafuni anatingisha mkia. Akaliangalia, akaniangalia, akaniuliza duka linafungwa saa ngapi.