Ukuta wa monasteri ya Kiarmenia una chokaa, tena nyingi

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya ukuta wa Geghard, monasteri ya kale huko Armenia, na chini yake maneno yale yale: wembe haupiti kati ya mawe, hawakutumia chokaa hata chembe. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja. Naandika hapa mara moja, na atakayeuliza tena nitamtumia kiungo.

Chokaa ipo, tele. Unachokipiga picha ni ngozi ya ukuta.

Ukuta ule una tabaka tatu: uso wa nje, uso wa ndani, na katikati zege la chokaa na vipande vya mawe. Mwashi alipanga kozi (safu ya mawe) moja nje na moja ndani, akajaza zege, akapanda kozi inayofuata. Hakuhitaji mbao za kushikilia zege, kwa kuwa mawe ya uso ndiyo yaliyofanya kazi hiyo. Ndiyo maana jiwe lilichongwa kwa uangalifu upande mmoja tu. Nimewahi kushika jiwe la tufi, jiwe laini la volkano, lililong'oka ukutani. Mbele limenyooka kama meza na kingo zake ni kali. Ukiligeuza, unaona limeanza kupungua karibu kabisa na uso, na mgongoni lina makovu ya patasi na chokaa iliyoling'ang'ania kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Mshono mwembamba unaousifu ni wa mbele tu. Nyuma yake mawe jirani hayagusani. Pengo lote limejaa chokaa.

Asiyeamini atazame kanisa la Mwokozi kule Ani. Ani ulikuwa mji wa kale wa Waarmenia, si monasteri, lakini uashi ni ule ule. Kanisa lilijengwa karne ya 11, na mwaka 1957 nusu yake ikaporomoka. Iliyobaki imesimama wazi kama papai lililopasuliwa: ganda jembamba la mawe nje, jingine ndani, na zege nene katikati. Mjini humo humo kuna kuta ambazo mawe yake ya uso yametoweka, na kiini bado kimesimama.

Kwa nini nakazania hivyo? Kwa sababu anayeamini kwamba ukuta ni mawe matupu huutibu kama mawe matupu. Mizizi ikishika paa, maji yanapenya, chokaa ya ndani inayeyuka taratibu, na uso unaanza kuvimba. Kisha anakuja mtu na saruji, anaziba mishono ya nje, anaondoka ameridhika. Saruji ni ngumu kuliko tufi na haipumui. Maji yanafungiwa ndani, yanatafuta njia kupitia jiwe lenyewe, chumvi inachanua usoni, na jiwe linamenyeka huku saruji imebaki nzima. Nimeona msalaba uliochongwa karne nyingi zilizopita ukipukutika kwa namna hii, unga wake uko chini ya ukuta. Iliniuma sana.

Habari ya kwamba majengo haya hayaangushwi na tetemeko naipita haraka. Kanisa la Petro na Paulo la Tatev, monasteri nyingine ya Armenia, lilijengwa kati ya 895 na 906, na tetemeko la 1931 likaangusha kuba lake. Tunayoyaona leo ni yaliyosalimika au yaliyojengwa upya.

Nina shaka moja ambayo vitabuni huioni. Tunafundisha kwamba kiini ndicho kinachobeba na uso ni ganda tu. Nimefundisha hivyo miaka mingi, na sasa nasita. Kwenye ukuta mnyoofu, sawa. Lakini ingia kwenye gaviti, yaani ukumbi ulio mbele ya kanisa, ya monasteri ya Haghpat, usimame chini ya yale matao makubwa yanayokatana, mawili kwa mawili, yakibeba paa lote hadi kwenye tundu la mwanga. Pale jiwe lililochongwa linafanya kazi nzito, na fundi alilijua hilo alipolichagua. Kuliita ganda ni kumdhulumu.

Na kama unatafuta kweli mahali pasipo na chokaa, rudi pale pale Geghard. Kanisa kuu la 1215 limejengwa kwa uashi niliousimulia, na gaviti yake imeegemea jabali. Pita mlango wa upande wa kaskazini. Hatua chache tu na umeingia ndani ya mwamba, kwenye kanisa la Avazan, ambalo fundi aitwaye Galdzak alilichonga lote, na juu ya kichwa chako kuna matao yale yale yanayokatana, ila haya hayabebi chochote. Alitoa jiwe asilolihitaji, akaacha umbo la kazi ambayo wenzake nje walikuwa wakiifanya kwa kozi na zege. Pitisha kidole kwenye tao uutafute mshono. Haupo.