Funika mashine kwanza: dhana potofu kuhusu michoro ya zamani ya bunilizi za kisayansi

"Walijuaje?" Ndilo swali la karibu kila anayeoneshwa kadi za Kifaransa za En L'An 2000 ("Katika Mwaka 2000"), zilizowaza maisha ya mwaka huo na kuchorwa kati ya 1899 na 1910. Hawakujua. Dhana kwamba wachoraji wale walikuwa watabiri ndiyo inayoharibu zaidi usomaji wa picha hizi, maana mtu akishaishika anaanza kuhesabu: hii imetimia, ile bado. Mchoro unageuka tiketi ya bahati nasibu.

Chukua kadi ya shule. Mwalimu anatia vitabu kwenye mtambo, nyaya zinashuka hadi vichwani mwa wanafunzi. Watu wanashangilia: intaneti hiyo! Sasa funika mtambo kwa kiganja, utazame kilichobaki. Wavulana tu, wamepangwa kwenye madawati, hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza. Pembeni mwenzao anazungusha mpini ili vitabu visagwe. Nguvu za ajabu za mwaka 2000 zinangoja msuli wa mtoto. Ni shule ya kukariri ya siku zao, imevishwa nyaya tu.

Kadi ya kusugua sakafu kwa umeme ni vilevile. Brashi inajiendesha, lakini anayeiongoza ni mtumishi wa kike yuleyule, na aproni yake. Mashine mpya mchoraji aliiwaza bila taabu. Nyumba isiyo na mtumishi ilimshinda.

Kwa hiyo anza na nguo, kisha nani anafanya kazi, kisha nguvu inatoka wapi. Mashine iwe ya mwisho.

Dhana nyingine: mchoraji alichora ndoto zake. Alichora alicholipwa. Jalada la mchoraji Frank R. Paul kwenye toleo la kwanza la Amazing Stories, jarida la Kimarekani la bunilizi za kisayansi, Aprili 1926, lilikuwa na kazi ya kumsimamisha mpita njia auone ule ukurasa kati ya magazeti mengine. Na ule mchoro wa gari la Kimarekani la miaka ya 1950 linalojiendesha huku baba, mama na watoto wakicheza dhumna? Tangazo la makampuni ya umeme. Na angalia: ni gari la familia moja, wala si basi.

Wengine husema michoro ya anga za juu haina kwao. Mchoraji Don Davis aliichorea NASA, shirika la anga za juu la Marekani, miaka ya 1970, ndani ya silinda kubwa ya kuishi angani. Humo kuna maji, vilima vya kijani na daraja la kuning'inia kama lile la San Francisco, mji ulio si mbali na kituo cha NASA cha Ames, California. Kwao ni hapo.